Pesa za serikali zikiingia nyumba moja: niliyoyaona Likoni mwaka wa korona

Mimi nina kiduka Likoni, Mombasa, sio pale barabarani karibu na feri, ni huku ndani ndani mitaani, nauza unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni za vipande, na kwenye kona ya kaunta nafanya M-Pesa. Kwa hivyo mwaka 2020 serikali ilipoanza kutoa pesa za korona, nyingi zilizoingia mtaa wetu nilizitoa kwa mkono wangu mwenyewe, na zengine ziliingia nyumbani kwetu kabisa. Bibi yangu alikuwa tayari anapata pesa za wazee, mamangu akaandikwa kwa zile za elfu moja kila wiki, ndugu yangu mdogo akaingia Kazi Mtaani, ule mradi wa serikali wa kazi za vijana, na khalati yangu, mdogo wake mamangu, alioko Marekani alipopata cheki ya serikali ya kule akatukatia kipande. Serikali mbili, pesa nne, nyumba moja. Nimeona niandike kabla sijasahau, manake nikisikia watu wanavyoyaongelea haya mambo kwa redio naona kama hawajawahi kukaa na familia isiyo na kitu siku pesa imeingia.

Wao huuliza, maskini akipewa pesa ataamua kuifanyia nini, atakula, atalewa ama ataweka. Mimi kwa niliyoyaona pesa ikifika hapo kwa simu uamuzi ulishafanyika zamani. Deni lishaamua, simu iliyopokea ni ya nani ishaamua, imekuja kidogo kidogo au kwa mkupuo nayo ishaamua, na mwenye pesa anabakiwa na pembe ndogo tu ya kuamua yeye mwenyewe.

Hali ya wakati ule wengi mnaikumbuka. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi, kafyu ikaanza tarehe 27, na Aprili tarehe 8 Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa hakuna kuingia hakuna kutoka. Mahoteli yakafunga. Mume wangu alikuwa jikoni kwa hoteli moja Diani, akaambiwa aende nyumbani ataitwa, na huko kuitwa ndo hivo tena. Mamangu alikuwa anauza mahamri na mbaazi alfajiri kwa watu wanaokwenda kupanda feri, sasa ile kafyu ya saa kumi na moja alfajiri ilimuua kabisa kibiashara, manake mahamri huanza kuchomwa saa tisa za usiku na wateja wenyewe hawapiti tena. Nyumba ikabaki inategemea duka langu, na duka langu linategemea watu ambao nao hawana kazi. Kauntabuku yangu ya madeni ikajaa mpaka nikaanza kuandika pembeni pembeni kwa jalada.

Serikali nayo ikasema imetenga bilioni 10 zaidi kwa wazee, mayatima na wasiojiweza. Halafu wazee wa mtaa wakapita na daftari wanaandika nyumba, nani aliandikwa nani aliachwa hiyo ni hadithi nyengine na ina matusi mengi, mimi naendelea.

Nianze na elfu moja ya wiki.

Kulikuwa na mama mmoja jirani, ana watoto watatu na mumewe alikuwa taniboi wa malori ya bandarini. Pesa ikiingia anakuja dukani, anaweka simu juu ya kaunta, kabambe yake ile ya vibonye, ananambia "mwanangu niangalizie, macho yangu hayaoni meseji" na macho yake ni mazima kabisa, ni vile tu hataki kuifungua peke yake akakuta haijaingia. Ikiwa imeingia mimi namsomea. Siku moja alikuwa na deni langu la 1,340. Nilidhani atanambia chukua yote elfu, ama atanyamaza akatolee kwa wakala mwengine, wengi walifanya hivo na siwalaumu. Yeye akanambia, "Kata mia sita ya deni. Mia nne nipe vitu." Halafu akachagua, unga pakiti mbili, mafuta ya kupima ya thalathini, majani, sukari robo, kibiriti, kipande cha sabuni, akabakisha ya dumu mbili za maji.

Nimeifikiria sana ile mia sita. Angelipa yote angelala njaa kesho na angekuja kukopa tena kwa aibu. Asingelipa kabisa mimi ningefunga kitabu. Mia sita ilikuwa ni ile pesa ya chini kabisa ya kunifanya mimi niendelee kumpa, alikuwa ameshanipima kwa jicho akajua bei yangu. Jumatano inayofuata alikuwa anakuja kukopa unga na mimi nampa, deni likapanda likafika elfu na kitu, pesa ikaingia tena, tukakata tena. Wiki kwa wiki deni lilikuwa linashuka lakini polepole mno, na katika muda huo wote wale watoto hawakulala na njaa hata siku moja. Sasa mtu wa ofisini akiuliza yule mama pesa aliifanyia nini, ataandika "alilipa deni" au "alinunua chakula"? Vyote ni kitu kimoja. Kwetu sisi kulipa duka ndo kuweka akiba, manake benki yako ni mwenye duka, ukimlipa leo unajua siku mtoto ameungua homa usiku una mahali pa kugonga.

Na hiyo pesa ya deni haikai kwangu. Nikipata kama elfu tatu nne za madeni, kesho yake niko kwa holseli narudisha stoki, mwenye holseli naye ana watu wake wa kulipa.

Kitu chengine kilichosaidia watu hawakitaji ni ile kuondolewa makato ya kutuma pesa. Kuanzia katikati ya Machi mpaka mwisho wa mwaka 2020, kutuma M-Pesa ya mpaka shilingi 1,000 ilikuwa bure. Kutoa ndo kulikatwa. Watu wakashika haraka sana, badala ya kutoa wanatuma. Wananitumia mimi dukani nawapa vitu, wanamtumia mwenye nyumba mia tano tano ya kodi, wanamtumia mama mboga. Mimi kama wakala nilikosa kamisheni yangu hapo lakini kama mwenye duka nilifurahi, pesa inayotumwa hairudi nyuma, inayotolewa noti hupotea njiani kabla haijafika kwangu.

Lakini kulikuwa na wale wenye mkopo wa kwenye simu, ule ambao pesa yoyote ikiingia unajikata wenyewe. Hao walikuwa wanaona meseji ya elfu moja imeingia na dakika hiyo hiyo meseji ya pili imekatwa, anabaki na mia mbili, mwengine anabaki na sufuri. Mtu anasimama mbele yangu anaiangalia simu kama imemtukana. Wajanja walipojua wazee wa mtaa wanaandika namba, walitoa laini ya mama mkwe ama ya mtoto aliyemaliza shule juzi, laini safi haina deni. Hapo sasa ukaanzisha mambo mengine, manake mama mkwe naye akiona elfu moja kwa simu yake kila wiki ataanza kuuliza na yeye chai yake iko wapi.

Na hapa nifike kwa simu, kwa sababu hii ndo iliyoleta kelele nyingi zaidi mtaani kuliko hata nani aliandikwa.

Kuna utafiti mkubwa ulifanywa Rarieda, huko Siaya, pesa za shirika la GiveDirectly linalowapa maskini pesa taslimu, uliochapishwa mwaka 2016 na kina Haushofer na Shapiro. Nyumba zengine walipewa wanawake, zengine wanaume, zengine kila mwezi, zengine kwa mkupuo. Wakakuta matumizi ya pombe na sigara hayakupanda, hilo mimi nawapigia mhuri, kwa kaunta yangu sigara za kununua moja moja zilishuka mwaka ule. Wakakuta pia kwamba kumpa mke au kumpa mume hakukuleta tofauti kubwa ya kuonekana. Hili la pili lilinitatiza kwanza, manake mtaani kwetu kila mtu anaapa mwanamume akipata hiyo pesa haifiki nyumbani. Nikajaribu kukumbuka wateja wangu mmoja mmoja kwa haki. Na wallahi, vitu waliokuwa wananunua ni vile vile. Unga ni unga. Mwanamume aliyepokea kwa simu yake alikuja akalipa deni akabeba unga, sawa na mwanamke. Tofauti ilikuwa ni maneno. Pesa ikiingia kwa simu ya mke, mume anajua siku ya kuingia, anajua kiasi, anakuja dukani ananiuliza mimi kwa ujanja "zile za wiki hii zishatoka?" Ikiingia kwa simu ya mume, mke anasikia kwa majirani. Unga utafika nyumbani, lakini utafika na ugomvi. Utafiti hauwezi kupima kelele.

Nyumbani kwetu elfu moja ya mama haikuwa na shida, babangu alishatangulia mbele ya haki na mama ndo mwenye sauti. Yeye ile pesa aliitumia bila hata kufikiria, ikiingia asubuhi mchana imeisha, mkaa, samaki, tokeni ya stima, nauli ya mtu. Ukimuuliza imekwenda wapi anakukasirikia. Na mamangu sio mtu wa kuchezea pesa, nimemuona akihifadhi mapeni ya mahamri kwa mkebe wa maziwa mpaka akalipa karo. Ni vile elfu moja ya kila wiki haina umbo la kitu chochote ila chakula. Huwezi kununua nayo bati, huwezi kulipa karo, ukiiweka wiki ijayo iko nyengine na njaa iko leo.

Sasa linganisha na bibi.

Bibi ameshapita miaka sabini, yumo kwenye Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya wazee ya 2,000 kwa mwezi. Kwenye makaratasi ni kwa mwezi, lakini kwa maisha yetu hukaa miezi ikaja imefungana. Aprili 2020 akapata 8,000 za miezi minne kwa pamoja. Wazee wote mtaani walikuwa wamechoka kuzingoja, wengine walikuwa wamekopa mpaka wamekopeka, na kuzicheleweshea vile sio jambo la kusifu hata kidogo. Lakini nikwambie ukweli ambao hata bibi mwenyewe alikubali, kule kufungana ndo kulifanya ile pesa iwe na kikao. Elfu mbili haina kikao. Elfu nane ina kikao.

Tulikaa usiku, Ramadhani iko karibu, misikiti imefungwa kwa hivyo wanaume wote wako nyumbani hawana pa kwenda, mjomba wangu naye alikuja kwa bahati mbaya au kwa kuambiwa, mimi naamini aliambiwa. Akaanza yeye. "Mama, hii pesa tukiiweka depositi ya bodaboda, mimi nitakuletea mia mbili kila siku." Akapiga hesabu pale, mia mbili mara thelathini, macho ya ndugu yangu yakawaka. Mama akataka deni la duka langu lilipwe kwanza, yaani mamangu mzazi alikuwa na ukurasa wake kwenye kauntabuku yangu na alikuwa anaona haya. Mume wangu alinyamaza, mkwe hana sauti kwenye pesa za bibi na yeye analijua hilo.

Bibi akatuacha tukachoka. Halafu akasema, "Kwanza sanda yangu."

Kwa wasiojua, wazee wetu wengi hawapendi kufa wakaacha watu wanazunguka na kofia kuchangisha vitambaa. Bibi alikuwa na kasha lake la mbao, ndani yake alikuwa ameshaweka kitambaa cheupe nusu yake, marashi, udi kidogo kwa karatasi ya gazeti, na mwaka ule wa korona kila jioni redio inahesabu wafu, lile kasha lilikuwa linamuumiza kichwa. Mjomba akasema "Mama si utangoja kidogo, mambo ya kufa nayo yanangojwa?" Bibi akamuangalia. "Kwani hiyo boda yako itanibeba mimi kaburini?" Tulicheka mpaka mjomba akacheka. Bodaboda ikafa hapo.

Elfu mbili ikaenda kwenye sanda. Sita iliobaki bibi akasema ni ya tangi la maji. Hilo hakuna aliyelitarajia. Yeye ndo alikuwa anashinda nyumbani mchana kutwa, anawaona watu wa mikokoteni wakipandisha bei ya dumu kila wiki, na kafyu ikishaingia jioni hakuna wa kuleta maji hata ukiwa na pesa. Maji ya mfereji kwetu huja usiku kwa saa chache yakakatika, na tulikuwa na mapipa mawili tu. Mama akaongeza kidogo, mimi nikafuta deni lake kwenye kitabu badala ya kutoa pesa taslimu, tukapata tangi la lita elfu moja la plastiki jeusi, lililetwa kwa mkokoteni na vijana watatu wanaimba. Kuanzia siku hiyo nyumba yetu haikununua dumu isipokuwa maji yakikatika wiki nzima, na ile pesa ya dumu za kila siku ndo ikawa inakula futari yetu. Utafiti wa Rarieda unasema hivyo hivyo, pesa ya kila mwezi ilisaidia zaidi chakula, ya mkupuo ikaenda zaidi kwenye vitu vya kudumu kama mabati. Bibi yangu hajasoma utafiti wowote.

Siku chache baadaye zikaingia za Khalati. Yeye anaishi Ohio, anafanya kazi ya kuwaangalia wazee, ana makaratasi yake na mtoto mmoja. Serikali ya Marekani ilipitisha sheria mwisho wa Machi 2020, kila mtu mzima dola 1,200 na kila mtoto wa chini ya miaka 17 dola 500, kwa wale wenye mapato ya chini ya dola 75,000 kwa mwaka wanapata kamili. Kwa hivyo yeye alipata 1,700, moja kwa moja kwa akaunti, haikuchukua hata mwezi tangu sheria isainiwe, hakuna mzee wa mtaa aliyepita na daftari. Akalipa kodi ya nyumba, akapunguza deni la kadi ya benki, akaweka kidogo, na akatutumia dola mia tatu, kwa reti ya wakati ule ya 106 hivi ni kama elfu thelathini na moja na ushei.

Benki ya Federal Reserve ya New York, yaani tawi la benki kuu ya Marekani, iliwauliza Wamarekani ile pesa ya kwanza waliifanyia nini, ikatoka kwamba kwa wastani waliitumia asilimia 29, wakaweka asilimia 36, na asilimia 35 ikaenda kwenye madeni. Kuna wataalamu walisikitika, eti serikali ilitaka watu watumie uchumi uamke, wao wanalipa madeni. Mimi nilipoisoma nilimkumbuka yule mama wa mia sita. Mtu ambaye hajui kazi itarudi lini hawezi kuacha deni limkodolee macho, awe Likoni awe Ohio. Khalati yangu alifanya yote matatu kwa cheki moja na bado ikavuka bahari.

Lakini pesa ya Khalati ilikuja na kitu ambacho zile za serikali yetu hazikuwa nacho, ilikuja na maneno. Sauti ya WhatsApp ya dakika sita, anaongea huku anaosha vyombo: elfu kumi na mbili ni futari ya nyumba, elfu tano ni dawa za presha za bibi, elfu nane wapewe watu wasiojiweza hapo jirani na msiwape ndugu zetu peke yao nawajua nyinyi, iliobaki dada yangu utajua mwenyewe. Na mamangu, yule yule wa elfu moja isiyofika jioni, aliifuata ile sauti kama hati ya wakili. Alikuwa ananambia nimrudishie kuisikiliza tena dakika ya tatu asije akakosea. Alinunua mchele, tende, maharage, akagawa ile elfu nane kwa nyumba nne akaniandikisha majina kwa karatasi nikapiga picha tukatuma Ohio. Hata siku mbili tulipokosa mkaa hakugusa ile ya dawa. Pesa ni ile ile shilingi ya Kenya, simu ni ile ile, mwenye simu ni yule yule. Iliyokuja kimya iliisha kimya, na iliyokuja na maneno ilibaki na mwenyewe mpaka shilingi ya mwisho.

Kazi Mtaani ilikuja baadaye, ndugu yangu aliingia kwenye awamu ya pili, Julai ile. Shilingi 455 kwa siku, kufagia, kuzibua mitaro, kufyeka. Hiyo nayo ilikuwa na tabia yake, manake ameitolea jasho. Hakuna aliyethubutu kumuitia kikao. Mama alijaribu kusema "na sisi tukumbuke" akatoa mia tano basi, hakusukumwa. Wao vijana malipo yao yalikuwa yanachelewa na kila mtu ana deni la muguka na la chakula, sasa wakafanya jambo ambalo nililipenda sana, wakaunda chama watu kumi, kila malipo yakitoka kila mmoja anatoa elfu moja na mia tano anapewa mtu mmoja. Yaani walichukua pesa ndogo ndogo wakaitengenezea mkupuo wao wenyewe. Zamu yake ilipofika alipata elfu kumi na tano akanunua mashine mbili za kunyolea, kioo, kiti cha mtumba na taulo, akajenga kibanda cha mabati chini ya mwarobaini. Wengine kwenye kile chama walikula zao, mmoja alilipia mahari nusu, na wawili wakipokea tu wakazima simu, ikabidi tukawatafute mpaka Mtongwe.

Sasa nimalizie na ugomvi, manake bila huu hadithi itakuwa imenyooka sana na nyumba yetu haijanyooka hivo.

Mwisho wa Disemba 2020 Marekani ikatoa tena, dola 600 kwa kila mtu pamoja na watoto. Khalati akatuma dola mia moja, na maneno yake mafupi. Halafu Machi 2021 ikaja kubwa kuliko zote, 1,400 kwa kila kichwa, yeye na mtoto ni 2,800. Sisi hizi habari tunazipata kabla hata yeye hajazipata, ndugu yangu anafuatilia siasa za Marekani kuliko za Mombasa. Mama akajua kiasi, akajua na siku. Akangoja. Wiki ya kwanza akasema pengine benki. Wiki ya pili akaanza kusema "watu wakizoea ulaya husahau". Wiki ya tatu akampigia, na mimi niliyekuwa nimeshika simu ndo niliyeona aibu.

Khalati akasema hii hajaitumia hata senti, ameiweka, saa zake za kazi zimekatwa na hajui mbele. Na ukiangalia hata hao Federal Reserve, lile fungu watu walilosema wameweka lilipanda, kwa cheki ya tatu ilikuwa asilimia 42 imewekwa na 25 tu ndo imetumiwa. Khalati hakuwa peke yake. Lakini umwambie mamangu hayo. Yeye akamjibu, "Basi hata salamu usingetuma? Tungejua uko hai." Wakakatiana simu, ndugu wa tumbo moja, mwezi mzima hawaongei, na sababu ni pesa ambayo hakuna mtu alimuahidi. Mama alikuwa ameshaitumia kichwani, alishaezeka upande wa jikoni nayo.

Mimi nilikuwa upande wa Khalati na nilimwambia mama hivyo, tukanuniana na sisi siku kadhaa.

Agosti mwaka huo huo watoto wa kidato cha kwanza wakaanza kuripoti shule, mdogo wetu wa mwisho akapata shule ya bweni, barua inataka karo, godoro, sanduku, viatu jozi mbili, na nyumba haina kitu, mahamri ndo kwanza yanaanza kurudi. Sijui nani alimwambia Khalati, mimi namshuku bibi. Ikaingia kwa simu yangu, sio ya mama, karo ya muhula mzima na ya vitu vya kuanzia, na sauti fupi tu: "Hizi ni zile za Machi. Mlipe shule wenyewe, msimpe mtu mkononi."

Nikampelekea mama simu aisikilize. Akaisikiliza mara mbili, akajifunga leso, akasema yeye alijua tangu siku ile kwamba mdogo wake anaiweka kwa ajili ya mtoto. Hakuwa anajua lolote.